Mkunga wa Wamaza Aliyedhaniwa Askari

Jua halijachomoza Wamaza, mashariki mwa Kongo, na Sidonie Feza amekwisha piga magoti kwenye sakafu ya saruji ya zahanati. Mama aliye kitandani anauma ncha ya kitenge. Sidonie anamsemesha polepole, anamtania kidogo, anamwambia asukume. Mtoto anatoka, analia, na mkunga anaangua kicheko. Hucheka hivyo kila mara, na hata yeye hajui kwa nini.

Ana miaka ishirini na tisa. Kazi yake ni ukunga, na kila anapoweza hupanda pikipiki kwenda Kasongo, kwenye chuo cha uuguzi anakosomea. Wanaozalishwa naye humlipa kwa mihogo, kwa kuku, na wengine kwa shukrani tu. Halalamiki. Wiki ijayo anavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, Tanzania, kusoma muhula mmoja.

Huko atajifunza kutumia chombo cha kumvuta taratibu mtoto aliyekwama njiani. Wamaza hakuna anayekijua. Mtoto akikwama hapa, mama hufungwa kwenye pikipiki kupelekwa Kasongo, na barabara zetu mnazijua.

Safari yenyewe nusura iharibike kwa neno moja.

Walimu wa Kigoma walimhoji kwa simu, naye akapanda kilimani kutafuta mtandao. Wakamuuliza, mama akifika na uchungu unaanza na nini? Akajibu bila kusita, "Namukamata." Na akiwa na woga je? "Hapo namukamata muzuri zaidi."

Jamani, kwetu kumkamata mgonjwa ni kumpokea na kumhudumia, hakuna asiyejua. Lakini ng'ambo ya ziwa anayekamata watu ni polisi. Siku chache baadaye chuo kikamwita Kasongo na kumweleza kwamba wenyeji wake wa Kigoma wana wasiwasi na namna anavyowatendea wanawake. Nafasi yake ikasimamishwa.

Mume wake Déo, mkamuaji wa mawese, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamwona mkewe analia, akaja kuketi kando yake.

"Sikulia juu ya aibu," anasema Sidonie. "Nilimulilia Falonne."

Falonne alikuwa mdogo wake wa mwisho. Mtoto alimkwama tumboni msimu wa mvua, pikipiki ikazama kwenye tope katikati ya njia, na yeye na mtoto wake hawakufika Kasongo wakiwa hai. Sidonie ndiye aliyekuwa amemshikilia kwa nyuma. Ni uchungu usiozoeleka, na hajifanyi kwamba umepoa.

Basi akaomba ahojiwe tena, na walimu wakakubali. Atumani, muuguzi mkuu wa zahanati, aliwahi kuishi ukimbizini Kigoma. Akaweka sharti: tangu siku hiyo hatamjibu Sidonie mpaka aseme kama watu wa kule. Akiomba glavu kwa Kiswahili cha nyumbani, Atumani anatazama dari. Wamama wajawazito nao hawakubaki nyuma. Kila anayeingia anamuuliza, "Mama Heri, leo unanikamata ao unanihudumia?" Heri ni mwanawe wa miaka minne.

Siku ya mahojiano ya pili akapanda tena kilimani. Swali likawa lile lile. Akajibu kwamba anampokea mama, anamkalisha, anampima. Walimu wakaridhika. Angeweza kuishia hapo, lakini Sidonie si mtu wa kumeza neno lake.

"Walimu wangu, hata siku ile sikuwadanganya," akawaambia. "Kwetu kukamata mutu ni kumushika na mikono mbili, asianguke."

Upande wa pili wakacheka, cheko la wema, na mmoja wao akasema wanamsubiri.

Sasa begi limefungwa. Heri atabaki kwa bibi yake. Majirani wanamwambia Déo kwamba mwanamke akionja mji harudi kijijini, naye anawajibu kwamba huyu ana kazi aliyoiacha hapa.

Kazi yenyewe inaingia mlangoni asubuhi hii hii. Jeannette, mjamzito wa miezi minane, amesikia habari za safari na amekuja kumsihi aahirishe. Mtoto wake wa kwanza alikwama akafa, na anaogopa. Sidonie anampima kwa muda mrefu, kisha anakaa naye kitandani. Hamfichi kitu: kwa mikono hii aliyonayo leo, hawezi kumsaidia. Aende Kasongo mapema, akae kwa ndugu zake, asingoje uchungu umkute Wamaza.

"Huyu wende umuzalie kule," anamwambia. "Wa kufuata utamuzalia hapa. Nitakuwa nimerudi."

Jeannette anafuta macho kwa kitenge, anaanza kuteremka kitandani.

"Basi wende mbio, Mama Heri," anasema. "Wa kufuata naye hatachelewa."