Mafundo Manne Kwenye Taulo

Kila anayekuja kujifunza kwangu, kabla sijamfunga bandeji mikononi, nampa kwanza taulo alishike. Namwambia, hili si la kufutia jasho, hili ni la kona. Ukiwa ulingoni utaona ngumi inayokuja usoni kwako, basi. Anayekuona wewe mzima ni yule aliyekaa kona, na siku akilirusha ndani, pambano limekwisha na wewe unasema asante. Nimefundisha hivyo miaka kumi na miwili, na ushahidi nilikuwa nao: taulo la pambano langu la mwisho, limetundikwa kwenye msumari juu ya mlango wa stoo. Nilikuwa nalionyesha kwa fahari. Mjinga mimi!

Mahali penyewe ni Kibaoni, hapa Ifakara, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Magunia ya kupigia tunayajaza pumba, tunachanganya na mchanga kidogo, na pumba hapa kwetu hazinunuliwi, unazoa tu. Ubaya wake, ukipiga teke zuri gunia linatema vumbi, na wanafunzi wangu wote wanakohoa. Waliotoka mjini wanacheka wakituona. Wacheke. Mkanda wa ubingwa wa taifa wa ngumi na mateke, huo mnaouita kickboxing, niliuvaa miaka mitatu, na sikuwahi kugusa gunia la ngozi mpaka nilipokwenda kuupigania.

Mimi ni wa Michenga. Nimekulia kwenye majaruba ya mpunga, na mateke yangu sikufundishwa na mtu. Ukishinda tangu utotoni unachomoa mguu kwenye tope la magotini, ukifukuza ndege wasimalize mpunga wa baba yako, siku ukisimamishwa kwenye mbao kavu mguu unaruka wenyewe. Aliyeligundua hilo ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Tulikua pamoja, tukila sahani moja, tukichapwa kwa kosa moja. Yeye ndiye aliyeniambia, "Wewe huna akili lakini una miguu, twende tukaitumie." Ndivyo alivyokuwa anaongea nami siku zote. Kwetu binamu ni mtani wako. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kuingia kwako akachukua shati akaondoka nalo, na wewe hununi. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, mwenye kosa ni wewe.

Basi yeye akawa mtu wangu wa kona. Pambano la kwanza mpaka la mwisho, ndoo ya maji na taulo vilikuwa kwake.

La mwisho lilikuwa Dar es Salaam, nikitetea mkanda, raundi tano. Chumbani, wakati ananifunga bandeji, niliona upindo wa taulo una mafundo manne, yamekazwa sawasawa. Nikamuuliza, haya nini tena? Akanijibu hata hajainua kichwa, "Nimefunga roho za wajomba zako wanne waje wakusaidie, maana wewe peke yako huwezi." Nikacheka mpaka yeye akanikaripia nisitikise mkono.

Raundi mbili za kwanza nilizichukua. Ya tatu nikamwangusha yule bwana, akahesabiwa mpaka nane. Katikati ya raundi ya nne nilirusha teke la kulia, mwili ukazunguka, lakini unyayo wa kushoto nilioukanyagia ukabaki pale pale. Goti likalia ndani. Nilisikia mpaka kwenye meno. Sikuonyesha kitu. Nikasogea mbele, nikapiga ngumi mbili, na ya tatu sijaipiga, taulo likatua miguuni kwangu.

Kwanza nilitaka kumuua. Halafu tukashuka, goti likaanza kuvimba, na yeye akakaa chini, mbele ya benchi langu, akaushika mguu wangu kwa mikono yote miwili, akasema, "Ningekuacha, ungerudi Ifakara na magongo." Nikalia pale pale mbele ya watu. Mwamuzi hakuona. Mpinzani hakuona. Watazamaji ukumbi mzima hawakuona. Yeye kaona! Nikamshukuru kama mzazi. Mama akamchinjia jogoo. Taulo nikaliomba, nikarudi nalo nyumbani na mafundo yake, na mwaka haujaisha nikalipigilia msumari na kuanza kufundisha.

Yeye mwaka huo huo alihamia Dar. Ile kambi iliyochukua mkanda wangu ilimpa kazi ya ukocha msaidizi. Watu waliniuliza kama sioni kitu. Niliwajibu, mnashangaa nini? Mtu mwenye jicho lile, nani asimtake? Siku anaondoka nilimfungia mchele, ule wetu unaonukia, nikambebea mwenyewe mpaka stendi, na goti langu hilo hilo.

Miaka minne iliyopita alikuja msichana wa Masagati, huko mbele ya Mlimba, kwao hakuna kitu zaidi ya kulima na kula. Alikuwa anapepeta mchele hapo kwenye mashine. Akazunguka nyuma jioni moja na ungo wake mkononi. "Shikamoo, kocha. Na wanawake mnawafundisha?" Nikamwambia apige gunia teke moja. Alipiga, gunia likapasuka mshono, pumba zikammwagikia kichwani. Mungu wangu, nilicheka kwa furaha! Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Nikampa taulo, nikamweleza habari ya goti langu na ya binamu. Wengine wote huwa wanatikisa kichwa tu. Yeye akauliza, "Na mtu wa kona akikosea?"

Nikamjibu, "Akikupenda hakosei."

Akaliamini hilo. Ndani ya miaka minne hakuna aliyemshinda, na mke wangu alishamzoea kama binti wa nyumbani. Chama cha mchezo kikamkubalia kupigania ubingwa wa taifa. Kwangu mimi ilikuwa kila kitu, nisifiche. Mkanda wangu uliondoka na taulo; nilitaka urudi Kibaoni kwenye kiuno chake.

Wiki tano kabla ya pambano, baba yangu akafariki.

Tulimzika Michenga. Binamu alikuja kutoka Dar, kanenepa mpaka koti la marehemu mjomba wake halimfungi, lakini alilivaa. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Alivaa koti la baba na mabuti yake ya shambani, akatembea kwa kuburuta mguu kama baba, akawaamuru wanawake wampikie kuku mzima, akamtongoza mama yangu mbele ya kaburi. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba uingie. Nilimshukuru moyoni.

Siku ya tatu, ya kuanua matanga, watu wamejaa uani, akaning'iniza taulo la mtu shingoni akaanza kuniigiza mimi. Alinipatia kweli, na ngumi zangu, na namna ninavyovuta pua. Watu wakaanguka kwa kicheko. Halafu akajiigiza yeye mwenyewe kwenye kona.

"Mnaona hili taulo? Wenye kambi waliniambia, raundi ya nne lirushe, na kazi unayo kwetu. Na mimi nilivyo mbovu wa hesabu! Nikafunga mafundo. Moja, mbili, tatu, nne, kila raundi nafinya fundo lisije likanipita. Huyu ananiuliza, haya nini? Namwambia wajomba zako! Nalirusha, analia, ananiambia asante! Hivi, asante ya punda si mateke? Huyu asante yake mchele! Kilo ishirini, na kaubeba mwenyewe mpaka stendi!"

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Na mimi nilicheka. Naapa, nilicheka, mdomo ulikuwa wazi. Halafu nikakumbuka kwamba mafundo yalikuwa manne kweli, na taulo lilitua raundi ya nne. Kicheko kikanikaukia, nikageuka, na macho yangu yakakutana na ya msichana wangu. Alikuwa kwenye mafiga na wanawake, kashika mwiko, hacheki.

Nilimvuta binamu kwa kola ya koti la baba yangu mpaka nyuma ya jiko. "Ni kweli?"

"Ebo! Binamu, ule si utani?"

"Nakuuliza, ni kweli?"

Akatazama mabuti. "Hata hivyo goti lako lilikuwa limeteguka kweli. Mungu alipanga."

"Na wewe uliliona?"

Hapo ndipo angeweza kunidanganya, na ningemwamini, naona aibu kusema hivyo. Angesema nililiona, binamu, roho ikaniuma, na ningemfungia mchele mwingine. Lakini alichoka, au koti lilimbana, sijui. Akasema, "Sikuona kitu. Nilikuwa natazama saa. Goti nililijua tuliposhuka, lilipoanza kuvimba."

Nilimnasa kibao. Mimi, kwenye matanga ya baba yangu. Wazee wakaja mbio, baba mdogo mbele. Hakuna aliyeniuliza nimefanyiwa nini. Nilikuwa nimempiga mtani kwa sababu ya utani, msibani, mbele ya wageni, na kwa kosa hilo kuna faini. Nikatozwa jogoo. Jogoo, jamani! Nilisalitiwa mimi, na jogoo nikatoa mimi, na yeye akamla. Tena wakatushikanisha mikono, baba mdogo akasema yaishe hapa hapa uani. Mpaka leo kuna ndugu wananiona nina roho mbaya, nisiyejua mchezo.

Niliporudi Kibaoni nililishusha lile taulo msumarini. Mafundo yalikuwa yamekauka, nikayahesabu kwa kidole kama yeye alivyoyahesabu, nikalitia kwenye jiko la kuni. Kilichoniuma zaidi si mkanda. Mkanda ungeondoka siku moja. Kilichoniuma ni watu wote wale niliowaambia waseme asante.

Na msichana hakusema neno. Alikuja mazoezini kila asubuhi, shikamoo kocha, marahaba, anapiga gunia lake, anakwenda kupepeta. Nilikuwa nangoja aniulize. Ningemweleza kila kitu. Hakuuliza, na mimi nikaogopa kuanza. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu.

Pambano lilikuwa Morogoro mjini, Jumamosi mchana. Nilinunua taulo jipya, jeupe, nikalifungua mbele yake chumbani kama mchuuzi anayeonyesha kitenge. Akalitazama, akanyoosha mikono nimfunge bandeji.

Raundi tatu alipiga vizuri kuliko mimi nilivyowahi kupiga. Ukumbi ulikuwa wake. Raundi ya nne, mwenzake akarusha teke la juu, yeye akalikinga kwa mkono wa kushoto, na ule mkono haukurudi juu. Ulibaki karibu na mbavu. Alifanya kama anamtega mwenzake, na watu wote wakadhani anamtega. Mimi namjua. Ni mtindo niliomfundisha kwa mkono wa kulia, wa kushoto hajawahi. Teke la pili likapiga pale pale, nikaona midomo yake ikibadilika rangi.

Nikashika taulo. Nikaliacha. Raundi ya nne! Ingekuwa hata ya pili, au ya tano. Nikajiambia subiri kengele. Teke la tatu likaja, akalikinga tena kwa mkono huo huo, maana mwingine alikuwa anapigia, nikasikia sauti mpaka kwenye kona. Nikalirusha.

Lilitua miguuni kwake. Alilitazama chini, kisha akanitazama mimi. Uso ule naujua, niliwahi kuuvaa. Mwamuzi akanyanyua mkono wa mwenzake, na yeye akapita kwenye kamba kwa mkono mmoja, akanifikia, akaniuliza taratibu, kwa heshima ile ile ya siku zote, "Kocha, wamekuahidi nini?"

Nilimwambia hakuna. Nikamwapia kwa kaburi la baba. Nikamwonyesha taulo, pindo zote nne. Hakugombana na mimi, alikaa tu kwenye benchi akitazama mlango, nami nikamshika huo mkono kwa mikono yangu miwili, halafu nikakumbuka nani alikaa hivyo mbele ya benchi langu, nikauachia.

Hospitali walimpiga picha. Niliingoja hiyo picha kuliko nilivyowahi kungoja matokeo ya pambano lolote. Daktari akaiweka kwenye mwanga, akatuonyesha kwa kalamu: mfupa umepasuka, na kama angeendelea ungekatika kabisa, labda mkono usingerudi kufanya kazi. Nilitamani kumbusu yule daktari. Nikaichukua picha, nikakaa kitandani kwake, nikamsogezea. "Umeona? Mwenyewe umeona? Umevunjika kweli."

Aliitazama, akaufuata ule ufa kwa kidole. Halafu akanirudishia.

"Na goti lako lilikuwa limeteguka kweli, kocha," akasema.

Nikabaki nimeishika ile picha mpaka muuguzi alipokuja kuniambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha.