Mchumba wa mjukuu wangu alinisifia mno mji wa Galway, nikaanza kumchunguza

Assalaam alaykum wakuu, na ndugu zangu wasio Waislamu, habari zenu.

Mimi ni msomaji wa muda mrefu hapa, kuandika ni mara chache. Leo nimeona mwenzetu ameuliza ni mji gani wa Ulaya wenye watu wakarimu wa kutembelea, na mwingine akamjibu: nenda Galway, Ireland.

Nikacheka peke yangu. Mji huo naujua vizuri, ingawa sijaukanyaga.

Nitaeleza kama yalivyonikuta. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kweli. Chumvi siongezi, hata daktari amenikataza.

Naishi Buyenzi, hapa Bujumbura. Nimefundisha madrasa tangu ujana wangu, Alhamdulillah, na wengi wa niliowafundisha sasa wana wajukuu.

Mjukuu wangu Rehema ni binti wa mwanangu. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, tukamlea mimi na marehemu mke wangu. Sasa ni muuguzi katika kliniki moja ya Kinanira. Walii wake ni mimi. Nikimwozesha vibaya, hakuna mwingine wa kulaumiwa, hapa duniani wala mbele ya Mola.

Basi mama mmoja wa Kinama akaja na posa kwa niaba ya mtoto wa kaka yake. Kijana anaitwa Yasini. Alikimbia na wazazi wake wakati wa vita, akakulia kambini Tanzania, kisha akapelekwa Ireland. Yuko huko Galway, mji wa pwani, anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee.

Rehema alikuwa amezungumza naye kwa simu ya video mara kadhaa, mimi nikiwa pembeni na tasbihi yangu. Niliona uso wake. Alishampenda. Iliyobaki ilikuwa kazi yangu.

Sasa sikilizeni jinsi tunavyofanya kwetu. Posa ikija, walii hamuulizi mwenye posa. Anatuma wazee wawili mtaani kwake. Wanakaa penye chai, wanazungumza habari za mvua na za mpira, wanangoja jina la kijana litajwe lenyewe. Likitajwa, hawashtuki. Wanakunywa chai na kusikiliza.

Utafanyaje hivyo kwa mtu aliye Ireland?

Yasini mwenyewe akaona nina wasiwasi, akasema, "Mzee, ngoja nikutembeze mjini, uone ninapoishi." Akatoka na simu mkononi.

Wakuu, nilioneshwa mji mzima. Barabara ya maduka ambayo magari hayapiti, vijana wanapiga fidla na magitaa kila kona. Mto unaokimbilia baharini kama umeitwa. Mabata maji weupe, wakubwa kama mbuzi. Njia ndefu kando ya bahari ambayo watu wanatembea mpaka mwisho, wakifika wanaupiga teke ukuta, ndipo wanarudi. Nikauliza ukuta umekosa nini. Yasini akasema hajui, lakini hata yeye anaupiga.

Na watu! Kila aliyepita alisimama. Bibi mmoja aliingiza uso wake wote kwenye simu akanipungia. Mwenye mbwa akanisalimia, nadhani na mbwa naye. Yasini akapanda basi ili nione: kila abiria anayeshuka anamshukuru dereva.

Nilikuwa nimekaa na rafiki yangu Idi, aliyeendesha malori makubwa ya Mombasa miaka mingi na Kiingereza chake amekiokota bandarini. Simu ilipokatika nikamwambia, "Idi, hawa watu wamepangwa."

"Wamepangwa na nani, Maalim?"

"Na kijana. Ili nimpe mtoto."

"Yaani amekodi muji muzima? Na mbwa?"

"We cheka tu. Mtu usiyemjua anakusalimia hivyo kwa sababu gani?"

Msinihukumu haraka. Sisi wa rika langu tumepita miaka ambayo mtu akikuuliza unakaa wapi, ulimtazama viatu kwanza kabla ya kujibu. Ukarimu usio na sababu ulikuwa na sababu, ila bado hujaambiwa.

Na kijana mwenyewe aliendelea kunitumia sifa. Leo hewa ni safi, kesho watu ni wapole, keshokutwa msikiti upo na nyama ya halali ipo. Kila siku sababu nyingine ya kuutembelea mji wake. Nikawa najiuliza: mbona ananionesha mji, hajioneshi yeye?

Tukamwomba namba za watu wanaomjua, tukaanza kupiga simu. Idi akiongea, mimi nikimwelekeza.

Tukampigia imamu wa msikiti anaosali. Akasema Yasini ni kijana mwema. Tukampigia muuza nyama. Kijana mwema. Tukampigia mwenye nyumba anayoishi Yasini, mama mzee, mjane, anaitwa Noreen. Idi akamwuliza kwa heshima zote: je, Yasini ni mtu mzuri? Mama akasema ni mtu mzuri kabisa, hajapata kuona mpangaji kama yeye.

Idi akaweka simu chini. "Basi, Maalim. Watatu wamesema. Unataka na malaika?"

"Wamesema neno moja wote. Hata wewe Idi, nakujua tangu tunacheza uchi mtoni Ntahangwa, nikiulizwa kama u mtu mwema, siwezi kujibu bila kukaa kidogo."

"Asante sana, rafiki yangu."

Lakini hakuondoka. Na mimi nikapata fikra. Kwa nini tusifanye kama tunavyofanya mtaani? Tukae na huyu mama penye chai, kwa simu. Tusimtaje Yasini hata kidogo.

Basi siku mbili tatu baadaye Idi akampigia tena Mama Noreen. Akamwambia sisi wazee wawili tumevutiwa na mji wake, tunafikiria kuja kutembea. Atupe sababu. Kuna nini cha kuona?

Wakuu, ilikuwa kama kufungua bomba. Mama yule alizungumza, Idi anatafsiri mpaka jasho linamtoka. Akasema tuje, lakini tuje na makoti, kwa sababu mvua ya huko inanyesha kutoka pembeni. Akasema Jumamosi kuna soko karibu na kanisa la zamani, mkate ni mzuri, jibini ni nzuri. Akasema wanakula chaza wabichi, wakiwa hai. Nikamwambia Idi hiyo si sababu ya kutembelea, hiyo ni sababu ya kubaki nyumbani. Idi hakutafsiri. Mama akasema ukikaa peke yako kwenye benchi huko, ndani ya muda mfupi mtu atakuja kukaa na wewe akuulize habari zako zote, na marehemu mume wake alikuwa hivyo, hakuwahi kufika dukani bila kuchelewa.

Kwa mara ya kwanza nikaanza kumwamini. Mtu anayekwambia mvua yao ni mbaya hajalipwa.

Idi akauliza, kama kwa kupitisha maneno, kama tukija kuna mahali pa kulala.

Mama akajibu.

"Amesema nini?"

"Ngoja."

"We Idi, amesema nini?"

Akafunika simu kwa kiganja. "Amesema chumba kidogo cha juu kiko. Ila mwisho wa juma apana. Mwisho wa juma kuna mutoto wa Yasini analala pale. Binti yake."

Mtoto. Mwezi mzima wa sifa za mji, na mtoto hayumo.

Nilimpigia Yasini mwenyewe baada ya sala ya Alasiri. Nikamwambia, "Kijana, una mtoto."

Akasema, "Ndiyo, Mzee. Nilioa hapa, tukaachana kwa sheria. Sikusema uongo, Mzee, hakuna aliyeniuliza."

"Sikusema umesema uongo. Nauliza kwa nini ninaambiwa na mwenye nyumba wako."

Akasema aliwahi kuposa mahali pengine mara mbili. Alipotaja mtoto, milango ikafungwa siku hiyohiyo. Akaamua safari hii aje kwanza, tumwone, ndipo aseme. Nilimhurumia, lakini huruma si ruhusa.

Mtoto si aibu, wakuu, na talaka si dhambi. Lakini aliyeficha mtoto mara moja anaweza kuficha nini tena? Hilo ndilo lililonikosesha raha.

Nikaenda kwa Rehema. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi. Nikamweleza yote bila kupunguza. Alikuwa hajui. Niliona mkono wake umesimama, nikamkumbusha pasi isije ikaunguza nguo.

Akaiinua. Akaniuliza, "Babu, huyo mtoto anaitwa nani?"

Sikujua. Katika kuchunguza kwangu kote sikuwa nimeuliza jina.

Akasema, "Mwambie aje naye. Akija peke yake, asije."

Yasini akaomba ruhusa kwa mama wa mtoto, likizo ya shule ikafika, wakaja. Binti anaitwa Sumaya. Ana mwanya na maneno mengi. Tangu walipoingia mtaani kwetu alikuwa anampungia kila mtu, fundi wa magari, mama wa mandazi, wote. Watu wanamtazama, wanatazamana, wanajiuliza huyu ni wa nani. Nami nikaelewa kwamba wale watu kwenye simu hawakuwa wamepangwa. Ni tabia tu. Mtoto ameizoea hukohuko.

Niliwakataza wote nyumbani wasimuulize mtoto swali lolote kuhusu baba yake. Tukae tu.

Siku ya pili, tukiwa tumekaa kwenye mkeka baada ya chakula, Sumaya alikuwa anaruka na kikombe mkononi. Chai yote ikamwagika, mkekani na kwenye kanzu yangu nyeupe. Shangazi wa Kinama akapiga kelele, "Yoo! Uyu mutoto!"

Mimi sikutazama kanzu. Nilimtazama mtoto. Nimefundisha watoto miaka mingi, nalijua jambo hili: mtoto anayepigwa nyumbani, akikosea, jicho lake la kwanza linakwenda kwenye mkono wa baba.

Sumaya alimtazama baba yake usoni. Midomo ikamcheza, machozi yakamjaa, akaenda moja kwa moja kifuani kwake akiwa bado ameshika kikombe. Yasini akamfuta uso, akamwambia jambo kwa Kiingereza, kisha wakaja wote wawili na kitambaa, wakapangusa mkeka pamoja. Mtoto akaniambia, "Pole, Babu." Hilo alikuwa analijua kwa Kiswahili.

Rehema alikuwa amesimama mlangoni.

"Babu, umeona?"

"Nimeona."

"Basi," akasema, akaenda kuleta chai nyingine.

Nikah ilifungwa kwetu, Alhamdulillah. Nilimwambia Yasini mbele ya mashahidi kwamba aliyoficha nimeyasamehe, sikuyasahau. Akainamisha kichwa. Karatasi za Rehema zilipokamilika, akaondoka kumfuata mumewe.

Lilibaki moja, na lilikuwa linanisumbua kwenye sala. Mama Noreen. Tulimwambia tunakuja kutembea, na ulikuwa uongo. Nikamwambia Idi ampigie, amweleze ukweli: tulikuwa tunamchunguza mpangaji wake.

Idi alisema, kisha akasikiliza. Sikuona amecheka.

"Anasema, kwa nini hamukuniuliza? Mungeniuliza kama ana mutoto, ningewaambia siku ile ya kwanza. Mulitaka kujua kama ni mutu muzuri. Ni mutu muzuri."

Hilo ndilo nililojifunza. Niliwashuku watu watatu kwa kusema neno moja, na wote walikuwa wakweli. Swali langu ndilo lilikuwa kubwa mno, likapata jibu kubwa. Wenye mabinti, ulizeni maswali madogo: anaishi na nani, nani analala nyumbani Jumamosi. Na kuchunguza msiache. Mimi sijaacha.

Mwisho, Rehema ameniambia Mama Noreen alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba wazee wawili wa Burundi wanakuja. Mpaka leo watu wanamsimamisha Rehema barabarani wamuulize tunafika lini. Mama hajawaambia kuwa tulidanganya. Anasema ataona aibu kwa niaba yetu.

Kwa hiyo mimi na Idi tumeanza kutafuta pasi za kusafiria. Wengine wanautembelea mji ule kwa ajili ya bahari na muziki. Sisi, Mungu akipenda, tunakwenda ili neno letu liwe kweli.

Aliyewahi kufika huko anieleze hapa chini: koti la namna gani, na ule ukuta unapigwa kwa mguu upi? Na walii wenzangu, mngekuwa mimi, mngemwozesha? Semeni bila kunionea haya.