Mapacha Si Jina

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, baridi ile ya Eldoret inayomfanya mtu aongee huku akitoa moshi mdomoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mabakuli mawili ya uji, nikaita, "Mapacha, njooni." Wakaja wawili. Nikasema, "Mapacha, kaeni." Wakakaa wawili. Nikasema, "Mapacha, fungueni mdomo." Wakafungua. Mwanangu, siku hiyo nilijiona mama hodari kuliko wote. Watoto wa miaka miwili na nusu, watiifu, wanakula sawa, wanavaa sawa, hawasumbui mtu. Kumbe nilikuwa nalea watoto wawili wasiojua hata kusema "maji".

Usinicheke kabla sijamaliza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na shule niliishia darasa la nne. Mume wangu alinitoa kwetu Bungoma tukaja kupanga chumba kimoja nje kidogo ya mji, upande wa Kapseret, yeye akifanya kazi ya kubeba mbao kwenye kiwanda. Huko ndiko nilikopata pacha wangu, msichana na mvulana. Kwetu pacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia ni Mukhwana, anayefuata ni Mulongo. Kwa hiyo majina walikuwa nayo, tena ya heshima. Ila kuyatumia ndiko sikukuwa nako.

Na si uvivu, mwanangu. Ilikuwa hofu. Mama yangu alinionya kwamba pacha hawabaguliwi. Ukimnunulia mmoja kofia, mnunulie na mwingine. Ukimbeba huyu, mbebe na yule. Ukimchapa mmoja kwa kosa lake, mguse mwenzake na kijiti kidogo, asije akaona ameachwa. Pacha akionewa anakasirika, na akikasirika anaenda zake alikotoka. Basi mimi nikayachukua hayo maneno mazima mazima bila kuyatafuna. Nikaona hata kumwita mmoja kwa jina lake, mwingine akisikia, ni ubaguzi. Nikawa nawaita kwa pamoja, nawaongelesha kwa pamoja, na mmoja akinyoosha kidole kuelekea ndizi, nawapa wote wawili kabla hajatoa sauti. Sasa mtoto wa namna hiyo atafute neno la nini?

Wao kwa wao walikuwa na lugha yao. Walikuwa wakilia kama vifaranga, "ti-ti-wu, ti-ti-wu," wanaelewana, wanacheka mpaka wanaanguka. Majirani walisema wana raha. Mimi nikasema wana raha.

Mama mkwe ndiye aliyekuja kunivunjia hiyo raha. Alikuja wakati wa kupanda mahindi, akakaa nasi siku tatu, akiwatazama tu. Siku ya tatu akaweka kikombe chini.

"Hawa watoto wanaongea Kindege," akasema.

"Wataongea tu, mama. Pacha huchelewa."

"Baba yao alikuwa akinitukana akiwa mdogo kuliko hawa. Sikiliza. Nitarudi mahindi yakivunwa. Nikikuta bado ni ti-ti-wu, nitaenda na mmoja Bungoma. Wakitenganishwa watatafuta maneno ya watu."

Nilimtazama mume wangu. Mume wangu alikuwa akitazama viatu vyake. Hapo nikajua sina wakili.

"Utaenda na yupi, mama?"

"Yeyote," akasema. "Si kwako ni sawasawa?"

Mwanangu, neno hilo lilinichoma kuliko maji ya ugali. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wakati mwingine unapona baada ya kuumia kwanza.

Mwenye ploti yetu alikuwa mama mzee wa Kinandi ambaye sote tulimwita Kogo, ndiyo kusema nyanya kwa lugha yake. Alikuwa na ng'ombe wawili. Mmoja mweusi, jina lake Tuiyo. Mwingine aliitwa Sista kwa sababu alinunuliwa kwa masista wa misheni, na hata mwendo wake ulikuwa wa mtu anayeenda kusali. Nilienda kuchukua maziwa kama kawaida, pacha wameshika leso yangu huku na huku, na nilipofika zizini nikashindwa kujizuia. Nikalia.

"Wewe, nyamaza kwanza," Kogo akasema bila kugeuka. "Ng'ombe ataficha maziwa."

Nikanyamaza. Alipomaliza kukamua, akasogeza ndoo ikawa mbali na miguu ya ng'ombe, ndipo akaniuliza ninalilia nini. Nikamweleza yote. Yeye akainuka, akaita, "Tuiyo!" Yule mweusi akainua kichwa. Sista akaendelea kutafuna. Akaita, "Sista!" Sista akainua kichwa, na Tuiyo akarudi kwenye nyasi zake.

"Sasa ita watoto yako," akaniambia.

Nikaita, "Mukhwana!" Hakuna aliyegeuka, mwanangu. Hata mmoja. Nikaita, "Mulongo!" Wakatazama nzi aliyekuwa juu ya ndoo. Sijawahi kuona aibu kama ile mpaka leo.

"Mimi sijaenda shule," akasema, "lakini ng'ombe yangu inajua ni nani. Hawa yako hawajui. Hata wewe jina yako imepotea, watu wanakuita Mama Mapacha. Mapacha si jina. Mapacha ni hesabu."

Nikajitetea. Nikamwambia habari ya mila yetu, kwamba pacha hawabaguliwi. Hakuidharau, namshukuru kwa hilo. Alifuta mikono kwenye sketi.

"Mama yako alisema kweli. Uji gawa sawa. Nguo gawa sawa. Lakini sikio si bakuli. Kila mtu anajazwa yake, na neno yake." Kisha akaongeza, "Na tena unawanyang'anya. Mtoto akifungua mdomo tu, wewe umeshasema. Funga yako."

Kuuliza si ujinga, basi nikauliza nifanye nini. Akasema kila asubuhi nimwachie mmoja zizini, nibaki na mwingine nyumbani, na kesho yake nibadilishe. Muda wa kuchambua maharagwe tu, si zaidi. Na niongee na yule niliyebaki naye, jambo lolote ninalofanya kwa mkono niliseme kwa mdomo.

Siku ya kwanza nilimwacha Mukhwana, na huyo msichana akalia mpaka kuku wakakimbia. Mulongo naye kwangu akalia kwa kumsikia mwenzake. Nilishika mlango mara mbili nikitaka kwenda kumchukua. Kisha nikakumbuka kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, nikakaa chini na ungo wangu. Nikaanza kuongea peke yangu kama mlevi. "Mulongo, hili ni haragwe. Mulongo, hili ni jiwe. Jiwe tunatupa." Yeye analia, mimi nasema. Maharagwe yakaisha, machozi yakaisha, tukaangaliana kama watu waliokutana stendi.

Siku ya tano, zamu yake tena, Mulongo akachukua jiwe kwenye ungo, akalitupa mwenyewe, akanitazama. Nilikuwa karibu kupiga vigelegele na kumsemea, nikajiuma ulimi. Nikangoja. Mwanangu, kungojea mtoto ni kazi ngumu kuliko kulima. Midomo yake ilikuwa ikijaribu huku na kule kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba. Mwishowe ikatoka, "Dhiwe." Nililia tena, na safari hii hapakuwa na ng'ombe wa kukasirika.

Mukhwana naye, kumbe zizini alikuwa shuleni. Kogo alimwongelesha Kinandi, mimi namwongelesha Kibukusu na Kiswahili, na watu wakaniambia ninamchanganya. Hakuchanganyikiwa. Neno lake la kwanza lilikuwa "chego", ndiyo maziwa kwa Kinandi, na alilisema akiwa amenyoosha kikombe kwa Kogo kama mtu anayedai haki yake. Kogo akamjazia. Tangu hapo akajua neno linalipa.

Basi nikaendelea hivyo, haba na haba. Nikiosha sufuria, namwambia niliye naye hii ni ya moto, hii ni baridi, gusa. Nikianika nguo, namuuliza hii ni ya nani, halafu nafunga mdomo. Wakiwa pamoja nawatenga kwa majina hata kama ni kuwagombeza. "Mukhwana, toa mkono. Mulongo, wewe hujakosea, endelea kula." Na hakuna aliyekasirika akaenda zake. Walikasirika wakapigana, na hiyo ni afya.

Mahindi yakakauka, yakavunwa. Siku hiyo nilikuwa nikipukuchua nyuma ya nyumba, mume wangu yuko kazini, nikasikia sauti ya mama mkwe langoni. Niliacha magunzi, nikazunguka hadi kwenye kona ya nyumba. Alikuwa na jogoo chini ya kwapa na mfuko mtupu begani, na huo mfuko nilijua ni wa nguo za mtoto. Alisimama uani akaita, "Mapacha wako wapi?"

Mulongo akatoka peke yake, kidole kiko puani. Akamtazama nyanya yake, akamtazama jogoo.

"Mimi Mulongo," akasema.

Mama mkwe akainama kidogo. "Haya, Mulongo. Na mwenzako?"

Nilishafungua mdomo nimjibie. Nikaufunga. Kimya kile, mwanangu, kilikuwa kirefu kuliko msimu mzima wa mahindi. Mtoto alitazama nyumba, akatazama miguu yake, akatazama choo cha ploti.

"Mukhwana ako choo," akasema. "Ngoja."

Mama mkwe wangu, mwanamke ambaye chifu mwenyewe alikuwa akimwogopa, aliambiwa angoje na mtoto wa miaka mitatu, na akangoja. Kisha akaketi juu ya gunia la mahindi akacheka mpaka jogoo akamponyoka. Mukhwana alitoka akivuta nguo yake, akamwona jogoo anakimbia, akauliza, "Kuku ya nani?"

Jioni Mukhwana akamwomba nyanya yake "chego". Mama mkwe akanikazia macho.

"Huyu unamlea au unamuuza kwa Wanandi?"

"Anajua na kamabele ya kwetu, mama. Anachagua tu anayemjibu haraka."

Alikaa siku nne. Alipoondoka, ule mfuko aliujaza sukuma wiki za Kogo, na akapanda basi la Bungoma peke yake.

Leo Mukhwana ana duka la nguo sokoni, na anaongea mpaka mteja ananunua ili apumzike. Mulongo hasemi sana, lakini akisema watu hunyamaza. Wametofautiana hivyo tangu siku zile, ila mimi nilikuwa nimewafunga kwenye fundo moja nisiwaone.

Sasa naona nyinyi wa siku hizi. Mjukuu wangu amejifungua pacha juzi, na kabla hajapona mgongo ameshaniuliza anunue nini ili wajue mapema. Simu ameshaiegemeza kwenye kopo la sukari, inaimba A, B, C kwa watoto wasioweza hata kushika shingo. Sina vita na simu. Lakini simu haingojei. Inauliza na kujijibu yenyewe, kama mimi nilivyokuwa.

Mwanangu, usinunue kitu. Mtoto mchanga mwite kwa jina lake ukimwosha, ukimfunga nepi, hata kama anakutazama kama mbao. Kazi ya mkono wako iwe somo lake: kijiko, kitunguu, kamba ya nguo. Ukimuuliza, nyamaza mpaka yeye amalize kutafuta, hata ugali ukianza kuungua. Na kama Mungu amekupa wawili, au watatu, uji wagawie sawa usiogope mtu, lakini kila mmoja mpe kidogo cha siku ambacho ni chake peke yake, hata kama ni muda wa kumenya viazi vitatu tu. Mwingine akilia, mwachie jirani mwema, kwa maana mkono mmoja haulei mwana. Na jirani akikukosoa, usinune. Kaa chini usikie.

Mungu akupe mikono ya kutosha na subira inayozidi mikono. Kila unayemzaa, Mungu amjue kwa jina, na wewe umjue hivyo hivyo. Nyumba yako isikose kelele za watoto wanaobishana kwa maneno kamili, na siku utakapozeeka wawe wengi wa kukuita, kila mmoja kwa sauti yake. Amina.