Mishono Kumi na Minne ya Redempta

Redempta Zefania Ntandu wa Itigi, mjane wa Festo aliyekuwa fundi wa reli. Babu yake mzaa baba alitundika mizinga ndani kabisa ya vichaka vya Itigi, mahali ambapo hata mbwa hupita kwa kuinama. Baba yake, Zefania, alibeba mataruma ya reli mpaka bega likaota sugu kama kisigino. Mama yake alitoka Sepuka kwa miguu, mtoto mgongoni na chungu kichwani, akawa mwanamke wa kwanza mtaani kwao kuchemsha masega ambayo wanaume, wakishakamua asali yao, waliwatupia kuku. Yule mtoto wa mgongoni ndiye Redempta. Naye kabla hajapanda ndege alikwisha kulea watoto sita, kumzika mume, na kuwakusanya wanawake kumi na mmoja wachemshe nta pamoja naye.

Ilipokuja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu, shirika la umma lililokuwa likinunua nta yao lilifunga dirisha. Wakaja wanunuzi wenye magari yao, kila mmoja na mizani yake na domo lake. "Nta chafu hii," wanasema, na huku wanaipakia. Sasa mwaka 1993 ikaja barua: kuna maonyesho Uholanzi, wenye nta yao waje waioneshe wenyewe kwa wanunuzi wa huko. Kila mwanamke akatoa pande moja, lile alilolichuja mara tatu. Mapande kumi na mawili Redempta akayatia katika gunia la katani, akalishona mdomo kwa mkono wake. Wakamwambia, "Ukirudi bila mnunuzi, dada, tumerudi kwa wale wa magari."

Alifuatana na Saada binti Abdulhamidi, mfanyabiashara wa Singida mjini, mwanamke wa ulimi mwepesi aliyejua Kiingereza na aliyekwisha kufika Dubai mara mbili.

Kosa lilitendeka Dar es Salaam, uwanjani. Mpokea mizigo alifunga karatasi ndefu kwenye sikio la gunia. Saada ameinamia fomu zake. Redempta akaitazama karatasi ile, hakuipenda. Miaka yote aliyopeleka magunia Mkiwa kupakia malori, alijua jambo moja: karatasi hukaa na mwenye mzigo. Ukiiacha kwenye gunia, kila mwenye macho ni mwenye gunia. Basi akaibandua taratibu, akaifunga kwenye pindo la khanga, na gunia likasukumwa ndani likiwa uchi.

Uholanzi walisimama mbele ya mkanda wa mizigo mpaka ukabaki unazunguka mtupu.

"Mzigo wako haujaja, dada," Saada alisema. "Twende kwenye lile dirisha tukaulize."

Dirishani alikaa mzungu mrefu mwenye miwani. Akaomba kikaratasi cha mzigo. Redempta akafungua pindo kwa madaha, akamwekea mezani karatasi yote ndefu. Mzungu akaigeuza huku na huku. Saada akashika kichwa.

"Yarabi! Dada Redempta, hii ilikuwa ya gunia! Ndiyo inayolisemea njiani!"

"Gunia langu halina haja ya kusemewa."

"Basi liite, tuone kama litaitika!"

Redempta hakucheka. Aliyaona macho ya wale kumi na mmoja, na ile meza ya maonyesho itakayofunguliwa kesho kutwa, tupu. Lakini shingo hakuishusha. Siku hiyo hawakupata kitu. Siku ya pili asubuhi wakarudi, baridi ikiwauma masikio, na yule wa miwani akawaambia kuna ghala la mizigo isiyo na wenyewe, na humo mna magunia matatu yaliyofanana kama mapacha.

"Anasema hawezi kukupa kwa maneno matupu," Saada akafasiri. "Anataka alama."

"Mwambie mdomo umeshonwa kwa uzi wa katani niliousokota pajani. Mishono kumi na minne. Fundo la mwisho limeelekea ndani, halionekani."

Mzungu akaenda. Akarudi akitikisa kichwa: liko moja la uzi wa katani, lakini mishono ni kumi na mitatu.

Saada akamvuta khanga. "Dada, labda ulikosea hesabu."

"Nimeshona magunia tangu wewe hujazaliwa, binti Abdulhamidi. Mwambie ainue sikio la kushoto. Chini yake umejificha mmoja."

Akaenda tena. Safari hii alirudi analikokota gunia lenyewe, anatabasamu, na mkononi ana mkasi wa kulifungulia ili likaguliwe. Redempta akamzuia mkono. Akachomoa fundo kwa ukucha, akavuta uzi, na mdomo wote ukafumuka kwa mvuto mmoja, trrr, uzi haukukatika. Wakaguzi wengine wakasogea. Harufu ya nta ikajaa pale.

"Anauliza umesoma chuo gani," Saada akasema.

"Mwambie darasa la nne, Itigi."

Siku ya maonyesho mnunuzi mmoja mzee alilivunja pande, akalitazama kwenye mwanga, akalinusa, akavunja la pili na la tatu akitafuta taka. Hakupata. Akaagiza kwa mwaka mzima.

Siku Redempta aliporudi Itigi vigelegele vilisikika mpaka stesheni. Akaacha wamalize. Kisha akamwita Klara, mdogo kuliko wote kikundini, anayechemsha bila kusema sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuanzia Jumatatu wewe ndiye utakayepokea nta. Kila pande livunje, ulitazame kwenye jua. Ukiona taka, rudisha."

Klara akatazama chini. "Hata likiwa la mama mkwe wangu?"

"Hata likiwa langu." Redempta akatoa pande alilolichemsha asubuhi ile, akaliweka mbele yake. "Haya, anza na hili."