Vipele vya Siku ya Kujitambulisha

Nywele zangu zilianza kunikimbia mapema. Nilipofika miaka thelathini hivi, paji la uso lilikuwa limepanda karibu na utosi, na mafundi umeme wenzangu pale Iringa hawakuchoka kunitania. Mchumba wangu ndiye aliyemaliza mjadala. "Nyoa zote," alisema. "Una kichwa kizuri, unakificha bure."

Nikaamua kunyoa kipara, na nikachagua wakati mbaya kuliko wote. Ilikuwa Alhamisi jioni, na Jumamosi nilikuwa naenda Mbeya kujitambulisha kwa wazazi wake. Chumbani kwangu Kihesa kulikuwa na baridi kali, nikaona uvivu kuchemsha maji. Nilipaka sabuni ya kufulia, nikachukua wembe wa zamani wa ndevu, nikaanza kisogoni kupanda juu huku nikivuta ngozi ili nywele zikatike chini kabisa. Nilirudia palepale mpaka kiganja kikawa kinateleza. Mwisho nikajimwagia spiriti. Iliniwasha kama pilipili, nikajua ndiyo inafanya kazi. Nikavaa kofia ya sufu, nikalala.

Ijumaa kichwa kilikuwa cha moto. Jumamosi, kabla basi halijafika Makambako, vidole vyangu vilikuwa vinapita juu ya vipele kisogo kizima, vingine vimeanza kutunga usaha. Baba mdogo, aliyenilea baada ya baba yangu kufariki na ambaye alikuwa anaenda kunisemea, aliniambia nisivue kofia hata iweje.

Lakini nyumbani kwao mchumba wangu, mtaa wa Soweto hapo Mbeya, mama yake alitupokea vizuri, akatukalisha sebuleni, kisha akasema kwa upole, "Vua kofia, baba, hapa ni kwenu."

Nikavua. Shangazi yake, aliyekuwa karibu nami, alisogeza kiti.

"Mwanangu, hiyo si tetekuwanga? Humu ndani kuna mtoto mchanga."

"Shangazi, ni wembe tu," mchumba wangu alijibu, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Baba mdogo alikohoa, maneno yote aliyoyaandaa njiani yamempotea.

Baba yake mchumba wangu alisimama. "Kijana, njoo huku nje kwenye mwanga."

Nilimfuata nikijua safari yangu imeishia hapo. Nyuma ya nyumba, karibu na karo la kufulia, alinigeuza kichwa huku na huku kama anayechagua parachichi.

"Ulipandisha wembe?"

"Nilipandisha, baba."

"Na ngozi ukaivuta?"

"Niliivuta."

Akacheka, akainamisha kichwa chake mwenyewe, kipara kitupu, akanionyesha makovu ya zamani juu ya shingo. "Mimi nilidhani nimelogwa. Nywele zetu zimejikunja, mwanangu. Ukizikata chini ya ngozi, zikianza kuota zinapinda na kujichoma humohumo. Mwili unaona kama umeingiwa na mwiba." Akaniambia nisikune, nisitumbue, nisipake spiriti, niache sufu, niwe naweka kitambaa safi cha maji baridi vipele vikiwasha. Vikizidi usaha, niende zahanati. "Na usiguse wembe mpaka vipone vyote. Vikipona, uje. Nitakunyoa mwenyewe."

Uje! Nilitamani alirudie neno hilo.

Tuliporudi ndani alimwambia dada yake, "Si tetekuwanga. Ni mkwe wako hajui kunyoa." Sebule nzima ikacheka, na baba mdogo akaikumbuka hotuba yake.

Kule Iringa nilitii. Kazini niliweka kitambaa cha pamba ndani ya helmeti, na nywele nikaziacha ziote zilivyotaka. Vipele vilinywea polepole. Ngozi ilipotulia, nikapanda basi la Mbeya.

Baba mkwe alinikalisha uani asubuhi, jua limeshapasha ukuta. Alipunguza nywele kwa mashine, akanifunika kichwa kwa taulo lililochovywa maji ya moto mpaka ngozi ikalainika, kisha akapaka povu jingi. Wembe ulikuwa mpya. Aliushusha kufuata nywele zinavyolala, bila kukandamiza, akiusuuza kila mara.

"Hapa kumebaki vinywele," nilisema, nikipapasa.

"Viache. Nani amekuambia lazima king'ae?"

Alikuwa ananisimulia jinsi binti yake alivyokuwa akikataa kusukwa alipokuwa mdogo, na mimi nilikuwa nasikiliza nusu tu. Baba yangu alifariki sijaweza hata kufunga kamba za viatu. Sikukumbuka mwanaume yeyote aliyewahi kunishika kichwa taratibu namna ile. Macho yalinijaa, nikasingizia povu. Yeye akanimwagia maji baridi, akakausha kwa kubonyeza taulo bila kusugua, akapaka mafuta yasiyo na harufu.

Sasa mimi na binti yake ni mume na mke. Kipele kimoja kimoja bado hutokea nikinyoa kwa haraka, lakini mke wangu hukagua kisogo, mahali ambapo macho yangu hayafiki. Juzi alipitisha kiganja kutoka utosini hadi shingoni, akakiacha hapo. "Kiko safi," akasema, kisha akaenda kuinjika maharage.