Siku Niliyoizima Injini ya Kobus

Aibu hii nimeikalia tangu 2017, na leo naitaja na majina, maana walioisababisha wanakula raha na mimi ndiye ninayechekwa kanisani.

Nilikuwa mlinzi wa muda kwenye karakana moja ya mtaa wa Doornfontein. Mwenyewe, Kobus, alikuwa anafufua injini ya ndege ya Kiingereza, ya zamani, ya kati ya vile vita viwili vya dunia, silinda zimekaa duara kama watu waliozunguka sinia la ugali, na propela ya mbao mbele. Aliniahidi ikiwaka vizuri mbele ya wageni ananiandika kazi ya kudumu, basi nikakipenda kile chuma kuliko yeye (shule niliishia darasa la nne, lakini kupangusa mafuta najua).

Siku yenyewe fundi wake, Dieudo, Mkongo mwenzangu wa Lubumbashi, akanipa mtungi wa kuzimia moto. "Papa Amani, simama hapa. Ukiona moto, usiniulize."

Hakuongeza neno. Na Dieudo anajua niliponea chupuchupu kwenye ghorofa lililoungua mjini, anajua nikiona moshi nakuwa mtu mwingine.

Kobus akawasha, propela ikajivuta, ikakohoa, moshi mweupe ukajaa ua mzima, na kwenye bomba la chini ukachomoza ulimi wa moto, nikageuka kuona wageni wanakimbilia wapi, nikakuta wanapiga makofi. Makofi. Nikajiuliza, hawa wamerogwa ama ni mimi? Nikachomoa pini. Nikaimwagia injini unga wa mtungi, nikammwagia Kobus, na mama mmoja mwenye kofia aliyekuwa bado anapiga makofi.

Injini ikauvuta ule unga, ikakohoa, kimya.

Kobus, mweupe mpaka kope, akauliza taratibu, "Umefanya nini?"

"Nimezima moto, bosi."

"Ule moto ndivyo unavyotoka ikiamka. Mafuta yalishuka silinda za chini, inayachoma, basi."

Nikamtazama Dieudo aseme alichoniagiza. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Eish, Papa Amani."

Injini ikafunguliwa yote kuoshwa unga, na kazi ya kudumu akapewa shemeji yake Dieudo.

Sasa nalinda duka la jumla Marshalltown. Juzi meneja kaninyooshea mtungi, nikamwambia siushiki mpaka anionyeshe moto upi ni wa kuzima na upi ni wa kupigiwa makofi. Akacheka, akadhani natania. Mtungi uko ukutani, na mimi nasimama mbali nao.