Betri za Wakfu

Asubuhi ya Jumatano nilikuwa msikitini nikiongeza maji ya betri. Kijiji chetu kiko ukingoni mwa msitu, ng'ambo ya Pate, na umeme wa serikali ulikuwa haujatufikia. Betri zile mbili kubwa ziliwekwa wakfu na Bi Mwanaisha kwa ajili ya marehemu mwanawe. Zilijazwa na paneli za jua zilizo juu ya paa, nazo zikatupa adhana na taa za kusomea.

Mwalimu Kioko, mtu wa Ukambani aliyefundisha hesabu katika shule yetu, alichungulia mlangoni.

"Maalim, niazime umeme kidogo, simu yangu inakufa."

"Umeme wa Mungu hauazimwi. Nenda dukani."

"Basi niombee jua."

Akaenda zake akicheka. Huo ulikuwa mchezo wetu tangu alipohamia kwetu.

Kesho yake alfajiri walikuja watu wenye silaha kutoka msituni. Walikwenda moja kwa moja kwenye nyumba za walimu, wakiuliza ni nani aliyetoka bara. Walimuua Mwalimu Barasa mlangoni pake. Kioko walimpiga risasi ya paja, akatambaa gizani hadi uani kwa Bi Mwanaisha. Bibi yule alimfunika kwa mikeka, akaketi mbele yake na ungo, akapeta mchele. Waliochungulia waliona kikongwe na kazi zake, wakapita.

Kulipokucha walirudi msituni. Hawakwenda mbali. Milio ya bunduki ilikuwa ikitujia kutoka upande wa barabara, na kila mtu alijua kwamba watarudi kuimaliza kazi yao.

Muuguzi wa zahanati, Sista Mercy, alipiga simu uwanja wa ndege wa Manda kuomba ndege. Naye alikuwa mtu wa bara, na alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Tuliwaza kuwatoa kwa mashua, lakini Bi Mwanaisha alikuwa ameshatazama bahari. "Mai yametoka," alisema. "Vyombo vimekaa juu ya tope. Na ndia wameiziba, hakupitiki. Wangojeeni hao wa juu."

Ndege ilitua katika kiwanja chetu cha mchanga jua likianza kuwa kali. Ilikuwa ndogo, ya injini moja, na rubani wake alikuwa mwanamke kijana, Kapteni Njeri. Alizima injini ili tuweze kumpakia majeruhi bila upepo wa panga la ndege. Redio aliiacha wazi, kwa sababu askari wa Manda walimwagiza asikose kuwasikia. Akawasha na kifeni cha kumpepea Kioko.

Tulidhani ni jambo la kitambo kidogo. Lakini Kioko alikataa kuondoka bila mwenzake. "Mama yake ataniuliza nimemwacha wapi," alisema. Hakuna aliyembishia. Kwetu maiti hachukuliwi kama mzigo, awe wa dini yetu au asiwe. Wanawake walileta shuka mpya, tukamfunika Barasa vizuri, tukambeba kwa jeneza la msikiti hadi kiwanjani, tukimpokezana mabegani. Ilichukua muda mrefu.

Kapteni alipotaka kuwasha, panga lilijongea kidogo likasimama.

"Betri imeisha," alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Ilikuwa imechoka, na redio imeimaliza."

Nikamuuliza, "Si ndege hujitengenezea umeme?"

"Ikiwa injini inazunguka, Maalim. Injini huzungusha jenereta, nayo hulisha kila kitu na kuijaza betri. Sasa imelala. Betri ndiyo ya kuiamsha. Tena inataka nguvu. Nikitia mafuta na injini inazunguka polepole, itaungua ndani." Alitutazama mmoja mmoja. "Kuna mtu ana gari hapa? Trekta?"

Hakukuwa na gari. Macho yakageukia paa la msikiti, nami nikajua wote wanafikiri kitu kimoja.

Bwana Athmani, mwadhini wetu, ndiye aliyesema. "Za msikiti ni wakfu, Maalim. Kitu cha wakfu hakitoki mahali pake. Wewe ndiwe uliyetufundisha."

"Ndivyo."

Nikamgeukia Bi Mwanaisha. Akanikata kabla sijafungua mdomo. "Usinitizame mimi. Nilipotoa nilitoa. Si zangu."

Alisema haki. Aliyeweka wakfu hana tena la kuamua, na mwenyewe, Mwenyezi Mungu, ameshatuambia kwamba aiokoaye roho moja ni kama ameokoa watu wote. Nikasema, "Dharura ina hukumu yake. Zileteni. Dhamana ni juu yangu."

"Na adhana ya adhuhuri?" akauliza Athmani.

"Athmani, hiyo sauti yako yasikika Pate bila mashine," akasema Bi Mwanaisha. "Kalete punda!"

Athmani alikimbia kuliko wote.

Kila betri ilikuwa ya volti kumi na mbili, na ndege ilitaka ishirini na nne. Kapteni akaziunganisha, chanya ya hii kwa hasi ya ile, akazifunga kwa nyaya nene alizokuwa nazo kwenye tundu la umeme ubavuni mwa ndege. Akatuonya tusipite mbele kwa hali yoyote, atakayechomoa waya aje kutoka nyuma. Kisha akazima swichi zote, redio, kifeni, taa, ili nguvu yote iende kwenye injini.

Panga lilizunguka. Polepole.

Akaacha. "Bado. Acha zilishe betri yangu kwanza."

Tukangoja. Milio ya bunduki ilikuwa imefika shuleni.

Moshi ukapanda kutoka huko.

Mtoto wa Sista alikuwa akilia ndani ya ndege. Nilikuwa nikisoma Yasin, na nilipotewa na aya ninayoijua tangu utotoni.

Akajaribu tena.

Panga likazunguka, likashika kasi, halafu ikaja sauti ya moto kuingia ndani ya injini, na mchanga ukatupiga usoni. Athmani aliinama, akaja kutoka nyuma, akachomoa waya. Kupitia kioo nilimwona Kapteni akibonyeza swichi moja baada ya nyingine: jenereta kwanza, kisha redio. Midomo yake ikaanza kusema na Manda.

Ikaruka.

Tuliziacha betri mchangani tukakimbilia mikokoni. Waliichoma shule na nyumba za walimu, wakaondoka askari walipokaribia. Siku ile hakuzikwa mtu kijijini petu. Alasiri Sista Mercy alipiga simu: wamefika, na Kioko yuko mikononi mwa madaktari. Nilisujudu pale pale nilipoisikia habari hiyo, na mpaka leo nikiikumbuka moyo wangu hutua.

Betri moja haikushika tena umeme. Bi Mwanaisha hakuuliza.

Barasa amezikwa kwao. Shule ilijengwa upya, ina mabati mapya na madawati, lakini walimu wa bara hawaji, na sisi hatuna wa kwetu wa kutosha. Watoto wangu wa chuo wanaisoma Kurani vizuri. Kugawanya hesabu hawajui, nami siwezi kuwafundisha.

Kioko hunipigia kila Idi. Anatembea, anachechemea kidogo, ameoa. Mwaka mmoja nilimwambia kuwa darasa lake lipo, linamngoja.



"Maalim," alisema, "niombe chochote kingine."

Sikumwomba tena.